Karafuu za Naomi: Safari ya Kutazama Igizo Lililododa Milimani Uluguru



Mji wetu wa Morogoro una jina la utani ambalo karibu kila Mtanzania analijua: Mji Kasoro Bahari. Aliyelitunga alikusudia kuusifu mji. Milima ipo, mito ipo, matunda yapo, hali ya hewa ni nzuri, kilichopungua ni bahari tu. Lakini angalieni, ndugu zetu, jinsi sifa yenyewe ilivyojengwa juu ya upungufu. Labda ndiyo maana sisi wenyeji hatushtuki tukiona kitu chenye kasoro. Na labda ndiyo maana sisi watatu, wauguzi wawili na mwalimu mmoja, tumejikuta na mapenzi ambayo wenzetu wa umoja wa akina mama huyaona kuwa ya ajabu.

Wengine hupenda mpira, na siku Simba inapocheza na Yanga nyumba zao hazikaliki. Wengine hupenda mashindano ya kwaya, nao huijua kila kwaya iliyoshika nafasi ya kwanza. Sisi hupenda kutazama maigizo ya nyimbo yaliyododa. Tukisikia kwamba kwaya ya mtaa fulani milimani imetayarisha igizo, na kwamba mwalimu wa kwaya amesafiri, kinanda kimeharibika na mavazi hayajamalizika kushonwa, basi tunafunga safari.

Mtu asidhani kwamba Morogoro tumekosa muziki mzuri. Huu ndio mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965. Ndio mji wa Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe, ambao mwaka 1970 walikwenda kupiga muziki hadi Osaka, Japani, katika maonyesho ya dunia. Kwaya zetu za mjini nazo huimba vizuri kabisa. Ila tumegundua jambo moja: igizo lililokwenda sawasawa tunalipigia makofi, tunarudi nyumbani, na baada ya mwezi hatulikumbuki. Lile lililoharibika tunalikumbuka mwaka hata mwaka.

Zamani tulidhani tuko peke yetu duniani. Baadaye tukapata kujua kwamba ng'ambo ya bahari wako wenzetu wengi. Katika jiji la New York, huko Marekani, kuna mtaa uitwao Broadway wenye kumbi kubwa za michezo ya kuigiza kwa nyimbo. Mchezo ukipendwa huchezwa miaka mingi. Ule wa The Lion King, ambao baadhi ya wahusika wake wana majina ya Kiswahili kama Simba na Rafiki, ulianza huko mwaka 1997 na bado unachezwa. Lakini mchezo usipopendwa hufungwa haraka kama duka lililofilisika. Mwaka 1965 mchezo ulioitwa Kelly ulifunguliwa na kufungwa usiku ule ule. Mwaka 1988 mchezo wa Carrie, uliogharimu zaidi ya dola milioni 7, ulichezwa mara 5 tu tangu siku ya ufunguzi. Na bado wako watu waliojivunia maisha yao yote kwamba katika siku hizo chache wao walikuwamo ukumbini! Mwaka 1991 mwandishi Ken Mandelbaum alitoa kitabu kizima juu ya michezo iliyododa Broadway kwa muda wa miaka 40, akakipa jina la Not Since Carrie. Tuliposikia habari hiyo tulicheka, tukasema, kumbe ugonjwa wetu una jina na una wagonjwa wengi.

Leo tunataka kuwasimulia safari moja ambayo ilitufundisha mpaka wa ugonjwa huu.

Safari yenyewe ilikuwa ya upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Anayetoka Dar es Salaam siku hizi ana raha, maana tangu Juni 2024 treni ya umeme inafika Morogoro. Kutoka mjini tulipanda gari la abiria la asubuhi. Barabara inapita Bigwa, kisha Kiroka, kisha Mkuyuni, ikielekea Matombo. Mkono wa kulia milima inakufuata njia nzima kama mzazi anayemwangalia mtoto asianguke. Kilele chake cha juu, Kimhandu, kinapita mita 2,600, lakini mara nyingi hukioni kwa sababu ya ukungu. Jina la Matombo lenyewe ni la Kiluguru, nalo latokana na vilima viwili vinavyofanana na matiti ya mama. Sisi wauguzi, ambao kazi yetu ni kuwahimiza akina mama wanyonyeshe, jina hilo hulitaja bila haya.

Upande huu wa milima ni wa mvua. Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unapita nchi tambarare ya pwani, unagonga Uluguru na kulazimika kupanda juu. Ukipanda unapoa, na ukipoa unaachilia mvua. Ndiyo maana hapa hapangoji masika na vuli tu kama kwingine. Mvua yaweza kukukuta mwezi wowote. Maji hayo hukusanyika katika vijito, vijito vikawa mto Ruvu, na Ruvu ukawarudishia watu wa Dar es Salaam maji ya kunywa. Bahari haipo Morogoro, lakini maji yake hutufikia kila siku.

Kwa sababu ya mvua hiyo, mashamba ya huku ni bustani. Kuna ndizi, mananasi, machungwa na mafenesi. Kuna iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu. Ardhi kwa mila ya Waluguru hufuata ukoo wa mama, na akina mama wengi tuliokutana nao njiani walikuwa wakitoka katika mashamba waliyoachiwa na mama zao na bibi zao. Wakati wa mavuno ya karafuu ukipita kijijini unaitambua harufu kabla hujaiona mikeka. Karafuu huanikwa nje, mbele ya kila nyumba, na mwenye mali hulala akisikiliza kama kuna tone linalogonga bati. Karafuu ikinyeshewa kabla ya kukauka huharibika, na bei yake hushuka. Na bei ya karafuu ndiyo sare za shule, ndiyo nauli ya hospitali, ndiyo mafuta ya taa na chumvi ya mwaka. Tafadhali mlikumbuke jambo hili, maana litarudi.

Tulishuka garini, tukapanda mlima kwa miguu muda wa saa 2, tukafika kijijini Jumamosi mchana. Hatutakitaja kijiji hicho wala mtu wake yeyote, kwa sababu mtakayoielewa mbele.

Kwaya ya vijana na akina mama ilikuwa imetayarisha igizo la nyimbo la habari ya Ruthu. Kusudi lake halikuwa burudani tu. Karibu na zahanati walikuwa wamejenga kuta za kijumba cha kusubiria wajawazito, ili mama anayekaa mbali ashuke mapema na asishikwe na uchungu njiani. Kuta zilisimama, paa hapakuwa. Walihitaji mabati 30. Igizo lilikuwa la kuchangisha fedha za mabati hayo.

Msomaji asiyeijua milima aelewe uzito wake. Sisi tumempokea mama aliyebebwa kwa machela usiku, wanaume wanne wakipokezana, njia ya utelezi, taa ni tochi moja. Wengine walifika wakiwa hai. Wengine hatukuweza kuwasaidia. Kijumba chenye paa, chenye vitanda vichache na jiko la kupikia, ni tofauti ya mama kuamka asubuhi akinyonyesha na watoto kuamka yatima. Kwa hiyo tulikwenda tukiwa na furaha yetu ya kawaida, lakini pia na bahasha yetu ya mchango.

Dalili za kudoda zilionekana mapema. Kijana aliyekuwa Boazi alikuwa ameteremka mjini kwa bodaboda kununua kipaza sauti, na hadi saa 9 alikuwa hajarudi. Mzee mmoja wa kanisa akakabidhiwa daftari ili asome maneno ya Boazi. Mzee huyo alikuwa amesahau miwani. Jenereta likawashwa, kinanda kikalia nyimbo moja na nusu, kisha vyote viwili vikanyamaza. Masuke ya shayiri ya Bethlehemu yalikuwa mabua ya mpunga, na mbuzi aliyekuwa amefungwa nje aliyala yote hata kabla ya mavuno ya Ruthu kuanza. Tulikuwa tumeketi benchi la nyuma, tumeshikana mikono kwa raha. Mmoja wetu alikuwa ametoa simu, anapiga picha za video.

Igizo likaenda, likijikwaa na kuinuka. Kisha tukafika mahali ambapo Naomi, aliyefiwa na mume na wana wawili, anawaaga wakwe zake warudi kwao. Orpa akalia vizuri, akaondoka. Ruthu alikuwa msichana wa miaka kama 17. Alipiga magoti mbele ya Naomi kuimba wimbo wake peke yake, ule wa kukataa kumwacha mkwewe. Kila mtu alikuwa anaungojea wimbo huo.

Hapo mvua ikaanguka.

Haikuanza kwa manyunyu. Ilianguka juu ya bati kama mtu aliyemwaga gunia la mawe. Kwa nukta moja watu wote walitazamana, kisha kanisa zima likasimama. Karafuu! Akina mama wakatoka mbio, wanaume wakafuata, watoto wakapita madirishani. Na Naomi, mjane wa Moabu, kilemba kichwani na fimbo mkononi, akatazama nje, akatazama Ruthu, akatupa fimbo, akakimbia kuokoa karafuu zake.

Ruthu akabaki amepiga magoti, amekumbatia hewa, akiimba kwamba kamwe hatamwacha mama huyu, na mama mwenyewe ameshavuka uwanja.

Ndugu zetu, tulicheka. Hatukutabasamu, tulicheka hadi machozi, tukiegemeana. Katika miaka yetu yote ya kutazama maigizo yaliyododa, hatukuwahi kuona kitu kama kile. Na katikati ya kicheko msichana akageuza shingo, akatuona. Kanisani tulikuwa tumebaki sisi, mzee wa daftari na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Hakunyamaza. Aliuimba wimbo wote, beti zote, huku sauti yake ikimezwa na bati. Alipomaliza alisimama, akafuta magoti, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Kicheko kilitukauka kooni.

Mvua ilipokatika watu wachache walirudi, wengine walikuwa wamelowa na wamechoka. Igizo halikumalizika. Boazi alifika magharibi akiwa na matope hadi kifuani. Katika kapu la mchango mlikuwa na fedha zisizotosha mabati 3, hata baada ya kuongeza bahasha yetu. Tuliwaza juu ya kuta zile zinazonyeshewa, tukaona aibu. Tulikuja kufurahia kuharibika kwa igizo, kana kwamba kuharibika huko hakuna anayekulipia.

Usiku ule mwenyeji wetu, mama mtu mzima, alituuliza kwa upole, "Nyie mna utani na sisi?" Tukasema hapana, makabila yetu hayana utani na Waluguru. Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua mchele. Hakuongeza neno, na halikuhitajika.

Maana sote tunajua utani ulivyo katika nchi yetu. Mtani huja msibani akacheka, akamwigiza marehemu, akalala penye jeneza na kudai fedha ndipo ainuke. Hakuna anayemkasirikia. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayechota maji, anayepika, anayeosha vyombo na anayekaa hadi matanga yaanuliwe. Kicheko chake amekilipia kwa kazi. Sisi tulikuwa tumecheka bure.

Mmoja wetu akafuta ile video simuni. Tuliona wazi ingefika wapi. Ingetumwa kwa mtu mmoja, huyo angewatumia kumi, na kabla ya Jumapili kwisha msichana wa watu angekuwa kichekesho cha nchi nzima, magoti yake chini na mikono yake hewani. Asubuhi na mapema tukaenda kanisani tukiwa na mafagio. Tulifuta matope, tukarudisha mabenchi, tukachota maji pamoja na wanakwaya. Ruthu alikuwapo. Alituamkia shikamoo akiwa ameinamisha macho.

Tukamwita kando, tukamwomba radhi kama watu wazima wanavyopaswa kumwomba mtoto, bila kujitetea. Alichora chini kwa kidole cha mguu muda mrefu. Kisha akasema, "Nyie ndio mliobaki, mama. Nikawaimbia nyie. Lakini pale si mahali pa kucheka."

Tukamwambia ni kweli. Alitusamehe kwa adabu, lakini hatukuona tabasamu lake siku ile, na hatukustahili kuliona.

Baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka, kama ilivyo desturi: mikungu ya ndizi, kuku, mayai, maboga. Hapo Naomi akasimama, na watu wakaanza kuguna na kucheka kabla hajasema neno. Mama yule hakukwepa. Alisema alimwacha Ruthu kwa ajili ya karafuu, na kwamba karafuu zimeokoka, basi haifai zote ziende sokoni. Akaweka mezani kibaba kimoja. Mzee mmoja, mtani wa Waluguru aliyeoa pale kijijini, akapaza sauti kwamba kibaba kimoja ni kidogo kwa mkwe aliyetelekezwa, na kanisa likapasuka kwa kicheko. Naomi akaongeza cha pili. Wengine waliokimbia nao wakaanza kuleta. Karafuu zikanadiwa, zikanunuliwa, zikarudishwa, zikanadiwa tena. Mwisho mhasibu wa mtaa alitangaza kwamba kwa jumla fedha zimefikia mabati 9.

Mabati 9 si 30. Hatutawadanganya kwamba kijumba kilipata paa siku ile. Lakini 9 ni zaidi ya 3, na igizo lenyewe likapangiwa siku nyingine, Boazi akiapa kutoteremka mjini tena.

Njiani kurudi tulizungumza sana juu ya wale wenzetu wa New York. Kule mchezo ukidoda waigizaji hutawanyika, kila mtu akatafute kazi kwingine. Mara chache sana hupata siku ya pili. Mchezo mmoja uitwao Merrily We Roll Along ulifungwa mwaka 1981 baada ya maonyesho 16 tu. Ulirudi Broadway mwaka 2023, na mwaka 2024 ukapata tuzo ya Tony kama mchezo bora wa nyimbo uliorudishwa jukwaani. Ilichukua zaidi ya miaka 40. Milimani hakuna anayeweza kufunga igizo na kuondoka. Ruthu na Naomi wanachota maji katika bomba moja. Watakutana kesho, na kesho kutwa, na lazima wapatane wajaribu tena, kwa sababu mvua ipo na wajawazito wapo.

Mama mwenzetu unayesoma, nawe karibu Uluguru. Ukiwa na siku moja tu, panda kutoka mjini hadi Morningside, kwenye lile jengo la kale la Wajerumani, uone mji wote uko chini yako. Ukiwa na siku mbili au tatu, shika njia ya Matombo, au zunguka upande wa Mgeta, kwenye kabichi, karoti na njegere. Vaa viatu vinavyoshika matope, beba nguo ya mvua hata kama jua linawaka, na usisahau sweta la jioni. Ukitaka kulala kijijini, piga hodi kwanza kwa viongozi wa mtaa au wa kanisa.

Na ukisikia kwamba kwaya fulani itaigiza jioni ile, nenda. Kaa benchi la nyuma, usiondoke hata jenereta likizimika. Simu iache mfukoni. Likidoda na ukashindwa kujizuia, basi cheka kama mtani, kisha uwe wa mwisho kuondoka, mabenchi yakiwa yamerudi mahali pake. Lakini mtu akiwa amepiga magoti anaimba, ngoja amalize.

Sisi watatu bado tunasafiri. Mapenzi hayajatutoka. Igizo la Ruthu litakaporudiwa tutakuwapo, tumeahidi, na safari hii tumepewa kazi: mvua ikinyesha, sisi ndio wa kuanua karafuu za Naomi.

Bwana awabariki.